Nusu Yangu ya Kidonge

Kulwa,

Shikamoo sikupi, hata sasa. Ulinidai hiyo shikamoo tangu tulipojua kusema, eti kwa sababu wewe ulitoka tumboni kwanza na mimi nikafuata mkunga akiwa bado anakufuta. Kwa dakika chache hizo ulitaka nikuamkie kila asubuhi kama mtu na shangazi yake. Sasa umetangulia tena, na ninavyokujua, huko uliko umeshawatangazia watu kwamba una mdogo wako anakuja nyuma. Wasubiri sana.

Nakuandikia nikiwa saluni. Ni mchana, mvua imewafukuza wateja wote, nimekaa kwenye kiti chao na miguu nimeiweka juu ya ndoo. Mama yuko nyumbani. Nilimchukua kutoka Sikonge baada ya mazishi, anaishi nami hapa Isevya, na kila siku ananiuliza kwa nini watu wa mjini wanafunga mageti mchana kweupe.

Nisizungukezunguke, niseme neno lenyewe: nakuonea wivu. Marehemu haonewi wivu, najua. Mchungaji akisikia ataniita nyuma ya kanisa anisomee. Lakini wewe nilikuonea wivu ukiwa mzima, nikakuonea ukiwa mgonjwa, na nilipokuona ndani ya sanduku umevaa lile gauni la bluu nililokuomba ukaninyima, nikakuonea pia. Nililia, usinielewe vibaya. Nililia mpaka sauti ikakauka. Lakini katikati ya kilio nikawasikia akina mama wa kwaya wakinong'ona, "Masikini Mama Kulwa, amempoteza Kulwa wake," nami nikajiuliza moyoni, huyu mama si amezaa mapacha? Mbona maisha yake yote anaitwa Mama Kulwa tu?

Hata uso wangu umeuchukua. Siku ya arobaini walikuja wanafunzi wako kutoka Bukene na mwalimu mwenzako mmoja. Nikatoka jikoni nimebeba sinia la wali. Msichana mmoja aliponiona akapiga ukelele, akaangusha sahani, akatimua mbio hadi barabarani, ikabidi mtu amfuate kwa baiskeli. Watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mama naye kuna asubuhi ananiita kwa jina lako, halafu anajishika mdomo. Simsahihishi. Ananitazama muda mrefu nikiwa nakunywa chai, na najua anayemwona si mimi.

Wivu huu ni wa siku nyingi. Ulianza tukiwa darasa la kwanza, fizi zako zilipoanza kutoa damu na miguu ikajaa madoa kama mtu aliyeanguka kwenye mawe. Zahanati walisema malaria, jirani akasema jicho la mtu, mwisho tukaletwa wote hapa Tabora mjini. Mimi nilichomwa kidole mara moja. Daktari akatazama damu yangu akasema huyu hana kitu, na kwa neno hilo moja nikarudishwa Sikonge kwa Bibi, wewe ukapandishwa treni na Mama kwenda Dar es Salaam, hospitali kubwa. Nikabaki na kuku, na njia ya kisimani, na watu kila Jumapili wakiniuliza, "Kulwa anaendeleaje?" Hakuna aliyeuliza Doto anaendeleaje. Asiyeumwa hana habari.

Ukarudi umenenepa mashavu, huna hata unywele mmoja, umevaa viatu vinavyowaka taa kisigino kikigusa chini. Viatu vya taa, Kulwa! Nusu ya Sikonge ilitoka kuja kuvitazama. Ukawa unaongea Kiswahili cha Dar, kila neno la tatu "aisee", na ukasimulia habari za dripu nyekundu, jinsi ilivyogeuza hata mkojo wako ukawa mwekundu kama juisi ya rozela. Nikaitamani dripu nyekundu. Hebu fikiria, mtoto mwenye akili zake anatamani dripu!

Bibi peke yake ndiye aliyeniona. Unakumbuka alivyokuwa akisema, mapacha ni mzigo wa mzegamzega, ukipunguza upande huu upande ule unaanguka. Babu zake walikuwa wapagazi, walibeba mizigo mabegani kutoka huku kwetu mpaka pwani, basi kwake kila jambo lilikuwa habari ya mzigo. Mmoja akipewa yai, la pili lilikuwa njiani kwa mwenzake. Ukikosea wewe, tulichapwa wote. Jioni ile uliyorudi alikitazama kichwa chako, akaingia ndani, akatoka na wembe na maji ya sabuni. "Doto, keti." Akaninyoa nikawa kama wewe. Mama alimpigia kelele, Bibi wala hakugeuka. Tukakaa kizingitini vichwa viwili vinang'aa, ukanipapasa, nikakupapasa, tukacheka mpaka tukajikojolea. Sikuwahi kukupenda kama siku ile.

Halafu vikaja vidonge. Mama alirudi kwenye kazi yake ya kupika shuleni huku mjini, akatuacha kwa Bibi pamoja na yale makopo ya dawa uliyopewa umeze nyumbani kwa muda mrefu. Vidonge vya manjano mpauko. Kila jioni baada ya ugali Bibi aliingia chumbani na wembe wake, akatoka na vipande viwili, kimoja kiganja cha kulia, kingine cha kushoto. "Mapacha hawali kimoja." Wewe nusu, mimi nusu. Kilikuwa kichungu cha kukukunja uso, na mimi nilikitafuna taratibu nisipoteze hata chembe. Kisha wewe peke yako ukapewa kijiko cha asali, kwa sababu Bibi alisema dripu za Dar zimekuchubua tumbo. Asali ile iliniuma kuliko viatu. Lakini nusu yangu ya kidonge nilikuwa nayo, na nilikwenda shuleni nikijua kwamba na mimi nina kipande cha ule ugonjwa mkubwa.

Tulipokua ukawa utani wetu. Nikikununia ulisema, "Wewe na mimi tumekula sumu moja, utanikimbia uende wapi?" Nilipopata mimba ya kwanza niliogopa, nikakupigia simu nikakuuliza kama zile nusu zitamdhuru mtoto. Ukasema, "Hazitamdhuru, Doto. Naapa." Nikashangaa uhakika huo umeutoa wapi, wewe mwalimu wa hesabu.

Nyumbani ule ugonjwa ukawa hautajwi. Kanisani tulitoa shukrani, kwaya ikaimba, Mama akasema umepona na yaishe, asiusikie tena mdomoni mwa mtu. Kule Dar walikuambia urudi kuangaliwa mara kwa mara. Ukarudi mara chache, nauli ikawa shida, baadaye hakuna aliyekuuliza uko wapi nawe hukumwuliza mtu. Ukasoma, ukapata kazi, ukatuletea mchele kutoka Bukene kila unaposhuka treni. Ndiyo maana ulipoanza kuhema ukipanda ngazi tatu, kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa. Mmoja alisema pumu. Mwingine vidonda vya tumbo. Mwingine akasema umepungukiwa damu, kula tembele. Jirani yako akasema umerogwa na mwalimu aliyetaka nafasi yako. Miguu ikavimba, ukawa unalala umekaa, na hata siku moja hukumwambia daktari yeyote habari ya dripu nyekundu, kwa sababu ulishafundishwa kuisahau. Ukafa kwa ugonjwa ambao katika familia yetu haukuwa na jina.

Sasa sikia yaliyotokea baada yako.

Mvua zilipokatika simu ya Mama ililia, nikaipokea mimi. Sauti ya mwanamke, Kiswahili safi cha hapa hapa Tabora. "Naitwa Daktari Salha. Namtafuta Kulwa." Nikakaa chini. Maisha yangu yote sijawahi kutafutwa na daktari, na wewe hata ukiwa kaburini unapigiwa. Nikamwambia umefariki. Akaniuliza ulikufaje, nikamweleza kuhema, miguu, kulala umekaa. Akasema polepole, "Tumechelewa."

Alinieleza kwamba wana mradi wa kuwatafuta watu wa huku magharibi waliougua saratani wakiwa watoto wakapona, wawafuatilie miaka kwa miaka, kwa sababu ile dawa nyekundu inayomwokoa mtoto huweza kuacha kovu kwenye moyo, na kovu hilo huanza kusumbua wakati kila mtu ameshasahau. Likigunduliwa mapema kuna vidonge vya kuusaidia moyo. Hayo aliniambia kwa upole, lakini niliyasikia kama kofi. Kulikuwa na vidonge, Kulwa. Vya kumeza tu, kwa maji.

Nikamwambia mimi ni pacha wako. Sauti yake ikabadilika. "Pacha? Wa kufanana?" Kufanana mpaka wanafunzi wanakimbia, nikamjibu. Akasema kwenye mradi wanahitaji pia ndugu wa wale waliougua, ndugu ambao hawakuumwa wala hawakupewa zile dawa, waliolelewa nyumba moja na kula chungu kimoja, ili waweze kutofautisha kilicholetwa na dawa na kilicholetwa na maisha. Pacha wa kufanana ndiye ndugu ambaye hajampata bado. "Nitakuhitaji sana, Doto," alisema. Mimi! Nilikaa na simu mkononi nikitabasamu peke yangu, halafu nikakumbuka sababu ya simu yenyewe nikaona aibu.

Siku ya kwanza kliniki nilikutana na mtu ambaye sikumpenda hata kidogo. Anaitwa Masanja, mkulima wa mpunga kutoka Lusu, ana umri wetu. Aliugua kama wewe, akalazwa wodi ile ile miaka ile, dripu ile ile nyekundu. Mradi ulimpata akiwa ameanza kuhema. Wakaupima moyo wake, wakampa vidonge, na sasa analima mwenyewe, anakuja kliniki na viazi vitamu vya kumgawia kila mtu, anacheka mpaka mapengo yanaonekana. "Karibu dada, kaa hapa, hawa hawaumi." Nilimchukia, Kulwa. Nilimtazama anavyopanda ngazi huku anapiga mluzi, nikasema moyoni, hiyo pumzi ni ya dada yangu. Pesa za wafadhili zilifika Lusu zikashindwa kufika Bukene, na njia ni moja. Nikala viazi vyake lakini sikumshukuru.

Walinilaza, wakanipaka ute wa baridi kifuani, wakautazama moyo wangu kwenye skrini. Daktari Salha alinionyesha. Unafunga, unafungua, hauna wasiwasi. Akasema moyo wako ungepaswa kuwa kama huu. Hakuna aliyewahi kuniambia maneno kama hayo, na sikujua niyafurahie au niyalilie.

Kisha tukaingia kwenye maswali, nami nilikuwa na Mama, maana alihitajika kueleza utoto wetu. Daktari alikuwa amechoka siku ile. Alitwambia wazi kwamba pesa za mradi zinaelekea kwisha, wafadhili walitoa za miaka mitatu tu. "Wanapenda kitu kinachokwisha haraka," alisema. "Na mimi ninachokifuatilia hakianzi mpaka miaka ishirini ipite." Mwezi unaofuata wangekuja wenyewe Tabora kuamua kama waongeze. Alitaka kuwaonyesha habari yetu sisi wawili, pacha aliyepewa dawa na pacha asiyepewa, kitu ambacho hata mtu asiye daktari angekielewa. Kama wangekataa, kliniki ingefungwa, Masanja na wenzake wangerudi kutazamwa na yeyote, kwa lolote.

Akachukua kalamu, akaniuliza kama mtu anayepita tu, "Wewe hujawahi kutumia dawa yoyote ya saratani, sivyo?"

Kulwa, niliikumbuka mikono ya Bibi, ule wa kulia na ule wa kushoto.

Nikisema ndiyo, basi. Mimi si yule anayemtafuta. Kile kitu kimoja nilichowahi kuchaguliwa ningekipoteza pale pale mezani, na yeye angepoteza pacha wake mbele ya wafadhili. Nikisema hapana, watakwenda kusema uongo kwa kinywa changu, halafu watoto wanaopewa dawa leo watapimiwa kwa moyo wangu wa uongo. Na Mama yuko kando yangu, amekumbatia mkoba wake, hajui kwamba mama yake mzazi alikuwa akikupa nusu dozi. Nilifikiri, akisikia atasema Bibi ndiye aliyekuua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo, tena vibaya zaidi, kwamba nusu iliyokosekana mwilini mwako iko mwilini mwangu.

Nilitaka kusema hapana. Mungu anajua nilivyotaka. Mdomo ukafunguka ukasema, "Nilitumia. Nusu yake. Bibi alikuwa anatugawia."

Daktari akaiweka kalamu chini. Nikaeleza yote, wembe, viganja, uchungu, nikawa nalia kama mtoto na kamasi zinatoka. Nilipomaliza nikamgeukia Mama nimwombe radhi kwa niaba ya Bibi.

Mama alikuwa anacheka.

Tangu tukuzike hajacheka. Alicheka mpaka kitenge kikamwanguka mabegani, akapiga paja, akasema, "Yesu wangu! Doto, mpaka leo?" Daktari akatazama huku na huku. Ndipo Mama akaeleza. Kumbe hukuwahi kupewa nusu. Nusu ya kwanza ulipewa kiganjani mbele yangu, nusu ya pili ilikuwa imesagwa ndani ya kile kijiko cha asali. Na changu kilikuwa kopa. Muhogo mkavu, Kulwa! Bibi alikuwa akilichonga kopa kwa wembe mpaka likawa duara, akaliloweka kwenye maji ya mwarobaini likawa la manjano na chungu, akalikata katikati. Mama alimkuta siku moja anachonga akamwuliza anafanya nini, Bibi akamjibu, "Huyu mwingine naye anaumwa, ila ugonjwa wake hamuoni."

"Na Kulwa alijua," Mama akaongeza. "Alimwapia Bibi kwamba hatasema."

Ulijua! Miaka yote ile unaniambia tumekula sumu moja, unajua mwenzako alikula muhogo. Siku ile ya simu na mimba yangu, ule uhakika wako, ndio huo. Daktari Salha alikuwa ameshika kichwa, naye anacheka, anafuta macho. Akaniambia, "Basi wewe ni yule yule ninayemtafuta," na akamwambia Mama kwamba ulipata dozi yako yote, na kwamba kilichoushika moyo wako ni dripu ya Dar, si mikono ya Bibi. Mama akasema amina. Kila mtu mle ndani alikuwa na furaha isipokuwa mimi.

Maana nilirudi nyumbani nikafunga mlango nikawaka. Viatu si vyangu, Dar si yangu, Mama si wangu, hata jina la Mama si langu, na sasa nusu ya kidonge niliyoishi nayo kama mtu anavyoishi na pete, nayo haikuwa yangu. Hata sumu yako sikupewa. Nilikutukana, nikikuita mwongo na mchoyo. Halafu, sijui ilikuwaje, hasira ikageuka ikanishika shingo mimi mwenyewe. Kwa sababu nilielewa kwamba kama changu kilikuwa muhogo, basi wewe kile kingine ulikuwa nacho peke yako. Ulilala na kichefuchefu kitanda kimoja na mimi ukanisikiliza nikijisifu kwamba na mimi natapika. Ulikuwa na miaka minane. Ukanyamaza ili nisijione nimeachwa. Na ulipoanza kuhema ulinyamaza vile vile, kwa sababu kunyamaza ulishakuzoea. Laiti ungenionea wivu hata siku moja ukapiga kelele, "Kwa nini mimi, kwa nini si Doto?" Labda mtu angesikia.

Wafadhili walikuja. Watatu, mmoja mgeni wa mbali, wawili wa Dar wenye viatu visivyojua vumbi letu. Wakaketi ukumbini, Daktari Salha akaeleza, akawaonyesha moyo wangu kwenye ukuta, na kando yake picha ya moyo wa Masanja. Masanja alikaa karibu na Mama, na wakati fulani nikaona Mama amemshika mkono. Mkono wa Masanja! Nikakereka, nikatazama pembeni.

Mmoja wa wale wa Dar, mzee wa heshima zake, akauliza swali lake taratibu: kazi nzuri, daktari, lakini matokeo tutayaona lini? Tukiweka pesa tunahitaji kujua mwisho wake. Daktari akaanza kujibu kwa lugha ya kitaalamu. Unanijua. Nilisimama sijaitwa.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Matokeo ya kwanza yako Sikonge, tumeyazika. Dada yangu alitibiwa kwa pesa za watu kama ninyi, akapona, watu wakapiga makofi wakaondoka. Hakuna aliyerudi kumtazama. Mnauliza mwisho, mimi nauliza katikati. Aliishi miaka ishirini na zaidi katikati, na humo hamkuwa na mtu." Nikaongeza, maana nilishaharibu, kwamba mimi ndiye pacha mzima na nina wivu wa kufa mtu, namwonea wivu hata huyu Masanja kwa kuwa anapumua, lakini wakimfungia kliniki nitakuwa sina hata wa kumwonea wivu. Watu wakacheka. Masanja alicheka kuliko wote, mjinga yule. Mzee akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimekusikia."

Jibu lao bado. Daktari anasema inaweza kuchukua muda, na inaweza kuwa hapana. Kila simu ikilia anaruka. Siku ile wageni walipoondoka alinisindikiza hadi getini, nikamwuliza, ikitokea wamekubali, kazi yangu mimi itakuwa nini hasa? Akasema nitakuja kila mwaka nipimwe, Masanja apimwe, na wengine watakaopatikana, na moyo wangu utawaonyesha wa kwako ungefika wapi. "Kwa muda gani?" nikauliza. Akacheka kidogo. "Kazi yako ni moja tu, Doto. Uzeeke."

Mvua imekatika, naona mteja anaruka madimbwi anakuja huku, kwa hiyo nimalizie. Nakuahidi, pacha wangu. Wakileta pesa nitakwenda, wasipoleta nitampeleka Masanja kwa daktari mwingine na kusema ile dripu nyekundu kwa sauti, mpaka mtu aandike. Watoto wangu nitawaambia jina la ugonjwa wako. Mama nitamtunza, hata akiniita Kulwa. Pumzika sasa, hema vizuri huko, usimwonyeshe mtu ubishi wako.

Mimi nitaota mvi. Nitapata makunyanzi ambayo yangekuwa yako, nitang'oka meno, nitashika mkongojo, nitasumbua wakwe. Nitakuwa bibi kizee wa kukera, nipimwe moyo, waseme bado upo. Jambo hili moja nimekupita, Kulwa, na sitakugawia, hata nusu.

Nionee wivu.

Doto wako